Tajiri anajigamba kulala sakafuni, bosi wangu hapa Kigoma ameigeuza fimbo

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili kwa miaka mingi, leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga. Tuko saba. Tunafungua saa moja asubuhi, tunafunga saa mbili usiku, na Jumapili tunafunga saa nane mchana. Jumatatu alfajiri bosi akatuma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya Elon Musk, yule bilionea wa Marekani wa magari ya umeme ya Tesla, imeandikwa kwamba anafanya kazi saa 120 kwa wiki na analala sakafuni kiwandani. Chini yake bosi akaongeza: "Huyu ni tajiri wa dunia. Ninyi kufunga saa mbili usiku mnalalamika." Alimlenga kijana wetu wa stoo, ambaye Jumamosi aliomba atoke saa kumi na mbili ampeleke mama yake zahanati. Alikataliwa.

Nikaenda kutafuta habari yenyewe ili nisiseme kwa hasira tupu. Ni kweli aliyasema. Agosti 2018 alihojiwa na gazeti la New York Times, akasema amekuwa akifanya kazi mpaka saa 120 kwa wiki, na kwamba kuna wakati alikaa kiwandani siku tatu au nne bila kutoka nje. Ilikuwa wakati Tesla inahangaika kutengeneza gari la Model 3 kule Fremont, California.

Sasa tupige hesabu, maana mimi kazi yangu ni kaunta. Wiki nzima ina saa 168. Ukitoa 120 zinabaki 48, yaani hazifiki 7 kwa siku. Humo ndani ulale, ule, uoge, uende chooni, usafiri, uongee na watoto. Mwaka huo huo alikuwa akiandika Twitter usiku na mchana, na Septemba alikaa zaidi ya saa mbili kwenye kipindi cha mtandaoni cha Joe Rogan akipiga stori. Kama hayo yote yanaingia kwenye kazi, basi hata wazee wanaocheza bao pale Ujiji wana saa 120 zao. Ninamcheka hapo kabisa, wala sifichi.

Kuna sehemu nyingine ya mahojiano hayo iliyonikera zaidi. Anasimulia kwamba siku alipotimiza miaka 47, Juni 28, aliimaliza yote kazini. Siku mbili baadaye alikuwa msimamizi wa harusi ya mdogo wake huko Catalonia, Hispania. Akaruka kutoka kiwandani, akafika saa mbili kabla ya ndoa, na sherehe ilipoisha tu akapanda ndege akarudi. Anayaeleza hayo kama mateso. Mwenzetu mmoja hapa dukani alifiwa na baba yake Dodoma. Ruhusa alipewa siku mbili, nauli ikachelewa kupatikana, wakamzika mzee yeye akiwa bado yuko Kigoma anapanga misumari. Hajawahi kuhojiwa na gazeti lolote.

Halafu sakafu. Julai 2018 aliliambia shirika la habari la Bloomberg kwamba alilala sakafuni kwa sababu alitaka hali yake iwe mbaya kuliko ya mtu mwingine yeyote katika kampuni. Someni tena hapo. ALITAKA. Wakati huo utajiri wake ulikuwa takriban dola bilioni 20. Wapenzi wake wakachangishana mtandaoni wamnunulie kochi! Watu wenye mishahara yao ya kawaida walitoa pesa mfukoni ili bilionea apate kochi la kulalia.

Na kuna ile ya dola moja kwa siku. Alimsimulia mwanasayansi Neil deGrasse Tyson kwamba alipokuwa kijana, baada ya kuhamia Kanada, alijaribu kuishi kwa dola moja ya chakula kwa siku, soseji na machungwa, aone kama angeweza. Aliona anaweza, akatulia kwamba hata biashara zikifeli hatakufa njaa. Lilikuwa jaribio. Njaa ya kujaribu ina siku ya kuisha, na unaijua siku hiyo kabla hujaanza.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa mwalo wa Kibirizi zaidi ya miaka thelathini. Alitoka nyumbani saa kumi na moja jioni. Wanaingia ziwani jua likizama, wanawasha karabai, wanasubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga, wanavuta nyavu, wanatupa tena, wanasubiri tena. Wanafika ufukweni alfajiri, kina mama wanapokea dagaa kwenda kuanika. Kisha nyavu zinakaguliwa, palipopasuka panashonwa. Alilala saa nne asubuhi chini ya bati, jua la Kigoma linawaka, na sisi watoto tunapiga kelele uani. Mgao wao ulikuwa hivi: mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki nusu ni ya mwenye chombo, nusu wanagawana wavuvi wote. Usiku ambao dagaa hawakupanda alirudi na deni la mafuta. Sikuwahi kumsikia akitaja idadi ya saa. Nakumbuka asubuhi moja amekaa kizingitini, viganja vimechanika kwa kamba, mama anamwekea maji ya chumvi, akasema tu kwamba jana upepo ulikuwa mkali, akaomba uji.

Ndiyo maana nimeandika. Mtu wa Marekani akijigamba kwao, ni yake. Lakini majigambo yale yamesafiri mpaka Mwanga yakatua kwenye simu ya kijana anayelipwa mshahara mmoja uleule afunge saa ngapi, na yametumika kumnyima ruhusa ya kumpeleka mama yake kwa daktari. Je, na ninyi mmetumiwa picha kama hizi? Mlijibu nini?

Mchangiaji wa 2 (Katonga)

Mkuu, baba yako na mimi ni mtumbwi mmoja. Sasa hivi taa ni za sola, karabai zimepungua sana, lakini usiku ni uleule. Mimi nikiwa ziwani siangalii simu kabisa, naangalia mwezi. Ukitoka mkubwa dagaa hawaji kwenye taa, tunakaa nchi kavu, na kukaa nchi kavu maana yake hakuna hela. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, nilikaa miezi mitatu nikifyatua matofali. Sipingi kufungwa, samaki walikuwa wameisha kweli. Nasema tu kwamba saa zangu za miezi hiyo mitatu kwenye matofali zilikuwa nyingi kuliko za ziwani, na nilirudi na deni.

Hiyo ya kochi sikuijua. Nimecheka mpaka mke wangu ameuliza kuna nini.

Mchangiaji wa 3 (Gungu)

Naomba nitofautiane na mleta uzi, kwa heshima. Sisi watu wa hapa tuna ugonjwa wa kumcheka aliyefanikiwa. Huyu bwana hakuokota hela. Kampuni yake ya kwanza, Zip2, alilala ofisini na kwenda kuoga kituo cha vijana cha YMCA kwa sababu hakuwa na uwezo wa kulipia nyumba na ofisi kwa pamoja. Iliuzwa mwaka 1999, akapata dola milioni 22 hivi. Angeweza kukaa ale maisha. Badala yake aliingiza sehemu kubwa ya pesa hizo kwenye kampuni nyingine, kisha nyingine. Mwaka 2008 roketi yake Falcon 1 ilikuwa imeshafeli mara tatu mfululizo na Tesla inakaribia kufa. Alikopa hela kwa marafiki alipe gharama za kuishi. Roketi ya nne ikaruka Septemba 28, 2008. Ni Mtanzania gani humu angethubutu?

Bosi wako kukosea ni kosa la bosi wako. Usimpige Musk kwa kosa la mwenye duka.

Mleta uzi

Ndugu wa Gungu, asante kwa kuja na hoja. Sikatai kwamba ni mchapakazi. Kichwa chake na uthubutu wake sina ugomvi navyo, na hiyo habari ya roketi ya nne hata mimi ilinisisimua nilipoisoma.

Lakini endelea na mwaka huo huo wa 2008 mpaka mwisho. Desemba, shirika la serikali ya Marekani, NASA, liliipa SpaceX, kampuni yake ya roketi, mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kituo cha anga. Januari 2010 wizara ya nishati ya Marekani ikasaini kuikopesha Tesla dola milioni 465. Mkopo ulirudishwa wote mwaka 2013, mapema kabla ya muda, nampa haki yake. Ninachosema ni kwamba alipokuwa ukingoni palikuwa na serikali tajiri iliyokuwa tayari kuweka mkono. Baba yangu mwaka mmoja dhoruba ilichukua nyavu zote usiku mmoja. Aliyemwekea mkono ni shemeji yake, kwa magunia mawili ya muhogo mkavu.

Tena angalia jambo la pili. Machi 2018, miezi michache kabla ya yale mahojiano ya kulala sakafuni, wanahisa wa Tesla walimpitishia mpango wa malipo ya hisa ambao ungeweza kufikia dola bilioni 56 hivi, kama kampuni ingefikia malengo. Mshahara hakuchukua, malengo yakitimia anachukua hisa. Kwa hiyo kila usiku aliolala pale chini ulikuwa na hisa zake zinasubiri juu. Mfanyakazi aliyekuwa akifunga boliti hatua kumi kutoka hapo alilipwa kwa saa. Mwaka 2017 mmoja wao aliandika hadharani kulalamika kuhusu saa za ziada za lazima na miili kuumia. Wote wawili walichoka, nakubali. Sasa huyo wa boliti anaambiwa tajiri ana hali mbaya kuliko yake, na anatakiwa aamini.

Umesema nisimpige Musk kwa kosa la mwenye duka. Novemba 2018 aliandika mwenyewe Twitter kwamba hakuna mtu aliyewahi kubadilisha dunia kwa kufanya kazi saa 40 kwa wiki. Novemba 2022, baada ya kuinunua Twitter, aliwaandikia wafanyakazi wakubali saa ndefu na kazi kali, asiyekubali aondoke. Hiyo haikuwa habari ya maisha yake mwenyewe. Alikuwa anawapimia wengine kwa kijiti chake. Bosi wangu amekiokota kijiti hicho hicho.

Mchangiaji wa 5 (Ujiji)

Wanangu, mimi ni mama wa mawese, ninafuata mjadala huu kwa simu ya binti yangu. Nataka kuuliza swali moja. Huyo bwana alipokuwa amelala kiwandani siku nne, watoto wake nani alikuwa anawaogesha? Nguo nani alifua? Mtu akikuambia amefanya kazi usiku na mchana, uliza nani alimpikia.

Mimi mikungu ya chikichi inaletwa, naifunika siku kadhaa ili chikichi zichomoke kirahisi. Nazichambua. Nachemsha pipa zima, kuni nanunua. Zikiiva nakamua kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukiwa wawili, mmoja akichoka mwingine anashika. Kisha mafuta yanachemshwa tena mpaka maji yaishe, yanachujwa, na hapo usimame karibu maana yakiungua umekula hasara. Mise, zile kokwa za ndani, sitoi nje, nazikausha, nazibangua, zina mnunuzi wake. Na kati ya hayo yote kuna mtoto wa kunyonyesha, kuna maji ya kuchota, kuna mkwe anaumwa. Hiyo ya nyumbani hakuna anayeiita kazi. Ukiniuliza nimefanya kazi saa ngapi leo, sijui nianzie kuhesabu wapi, kwa sababu sijaacha.

Sina ubaya na matajiri. Mungu anampa amtakaye. Ila asiniambie amelala chini. Mimi nimelala chini miaka tisa, na hakuna aliyeniuliza.

Mchangiaji wa 6 (Katonga)

Mama, shikamoo. Hiyo "uliza nani alimpikia" nimeiandika kwenye daftari.

Mchangiaji wa 7 (Urambo, Tabora)

Mwangaluka wana Kigoma. Nalima tumbaku ya mvuke huku Urambo, wacha niongeze.

Katika mahojiano yale yale ya 2018 Musk alisema hajawahi kuchukua likizo ya zaidi ya wiki moja tangu mwaka 2001, alipolala kitandani kwa malaria. Nilivyosoma, aliipata baada ya safari ya Afrika Kusini na nusura imuue, alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Malaria hatuicheki, sisi watu wa Tabora tunaijua. Namcheka kwa neno moja tu: kuiweka malaria kwenye hesabu ya likizo. Mtu aliyelala na malaria hayuko likizo.

Mwaka juzi ilinikamata nikiwa nimejaza bani. Kwa wasiojua, tumbaku ya mvuke ukishaichuma unaitundika kwenye bani na kuikausha kwa joto la moto unaopita kwenye mabomba. Siku za kwanza joto dogo, jani ligeuke njano. Kisha unaongeza taratibu, jani likauke. Mwisho unakausha mshipa wa katikati, hapo joto linapanda sana. Inachukua kama wiki, na moto hauachwi usiku wala mchana. Ukisinzia ukashuka, jani linaharibika rangi. Ukipanda ghafla, unapata jani la kijani lisilo na bei, na bani lenyewe linaweza kuungua. Nilikuwa natetemeka chini ya blanketi pembeni ya tanuri, mke wangu anachochea kuni, mwanangu wa darasa la sita anasoma kipimajoto kwa tochi. Nilitibiwa siku ya tatu.

Baada ya hapo kuna kupanga madaraja, jani kwa jani. Kisha tunasubiri soko la chama cha msingi, mnunuzi anapita anaangalia mtumba wa tumbaku ya jasho la miezi tisa kwa dakika chache, anataja daraja. Ukishushwa daraja, pembejeo ulizokopeshwa zinakatwa vilevile. Ile wiki ya moto haina mstari wake kwenye ile karatasi ya malipo. Nilikwenda nimetoa gharama, nikarudi na hela ya sare za shule mbili, ya tatu ikasubiri.

Hicho ndicho kinachonichoma kwa majigambo haya. Tajiri akisema amekesha, watu wanaona ndiyo sababu ya utajiri wake. Mimi nikisema nimekesha, wanaona ndiyo sababu ya umaskini wangu: sikutumia akili, sikupanga muda. Kukesha ni kulekule.

Mchangiaji wa 8 (mwanafunzi, Tabora Mjini)

Hapo kwenye aya ya mwisho mzee wangu wa Urambo umenigusa sana.

Na si Musk peke yake. Aprili 2019 Jack Ma wa Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, aliwaambia vijana wa China kwamba kufanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ni baraka. Oktoba 2023 Narayana Murthy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Infosys, akasema vijana wa India wafanye kazi saa 70 kwa wiki kwa ajili ya nchi. Wote wenye hisa ndio wanaotoa ushauri huu. Sijawahi kumsikia mlinzi wa zamu ya usiku akihubiri saa 70, na yeye ndiye anazifanya.

Mchangiaji wa 9 (Tabora Mjini)

Mleta uzi, mimi nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Niache majigambo pembeni nikupe kitu cha kushika mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema hivi. Saa za kawaida za kazi ni zisizozidi 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, na kwa siku zisizozidi 9. Saa za ziada lazima mkubaliane, hazizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Una haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa nzima ya kupumzika ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Sasa chukua ratiba uliyoitaja. Saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku ni saa 13, mara siku sita ni 78, ongeza 7 za Jumapili, jumla 85. Hata nikikutolea saa moja ya kula kila siku zinabaki 78. Sheria ikivutwa mpaka mwisho wake, na saa za ziada zote zikiwa zimelipwa, ni wastani wa 57 na nusu. Na hiyo siku ya kupumzika saa 24 sijaiona popote kwenye ratiba yenu. Kijana wa stoo kuomba kutoka saa kumi na mbili jioni, alikuwa ameshamaliza siku yake ya kisheria muda mrefu.

Jingine ni afya. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti uliokadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35 hivi. Nilimzika mwenzangu wa zamu akiwa na miaka 51. Alianguka bafuni, asubuhi, anajiandaa kuja kazini. Kwa hiyo mtu akitumia saa 120 kama nishani, mimi nakasirika. Siwezi kucheka kama ninyi vijana.

Mchangiaji wa 10 (Ujiji)

Assalaam alaykum. Nimekulia jirani kabisa na pale kwenye makumbusho ya Livingstone, niruhusuni niseme jambo la zamani, kwa sababu tabia hii imeanza kitambo na imepita humu humu kwetu.

Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa, sehemu ya njia alibebwa kwenye machela. Stanley akaja Novemba 1871 kumtafuta Livingstone, akitokea Bagamoyo kupitia Tabora. Wote walirudi kwao wakaandika kwa kirefu shida zao: homa, matope, miiba, uchovu. Wakawa mashuhuri. Na shida walizipata kweli, Stanley wazungu wenzake wawili walikufa katika safari ile.

Ila machela ilikuwa mabegani mwa nani? Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, juu ya kichwa au bega, miezi kwa miezi, na wengi walikuwa Wanyamwezi wa Tabora hapo. Nao walipata homa ile ile, matope yale yale, na mzigo juu. Kati ya mamia hao, jina linalokumbukwa ni kama la Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron. Wengine hakuna aliyewauliza. Wageni wanakuja hapa kuona mahali wazungu wawili, Stanley na Livingstone, walipopeana mikono. Mimi nikiwa mtoto nilimuuliza babu, wale waliobeba walikwenda kupumzika wapi siku ile? Akasema, walikwenda kutafuta maji.

Nikisoma habari ya tajiri na sakafu yake ya kiwanda, namwona Burton kwenye machela.

Mchangiaji wa 3 (Gungu)

Nimesoma zote. Bado nashikilia kwamba Musk ni mtu wa kujifunza kwake, na kijana akinisikiliza nitamwambia asiogope kufeli mara tatu. Hilo sirudi nyuma.

Ila nakubali jambo moja. Mimi nina fundi wawili wa kushona, na mwaka jana niliwawekea picha ya aina hiyo hiyo ukutani. Aliyosema mzee wa Urambo, kwamba kukesha kwake kunaitwa uzembe, nimeyasoma mara mbili. Kesho naitoa. Na mzee wa Tabora, hiyo mara moja na nusu inahusu hata mwenye mafundi wawili?

Mchangiaji wa 9 (Tabora Mjini)

Inahusu, ndugu yangu. Kama umewaajiri, hata mmoja. Kaa nao mkubaliane saa kwa maandishi, utalala vizuri.

Mleta uzi

Wakuu, narudi na mrejesho. Mzee wa Tabora, shikamoo na asante sana. Nilinakili saa 45, saa 50, mara moja na nusu na saa 24 kwenye karatasi, jana usiku tukakutana watano kati ya saba nyumbani kwa mmoja wetu Mlole. Wawili waliogopa kuja, siwalaumu, mmoja mke wake amejifungua wiki iliyopita.

Tumekubaliana tusimtukane bosi wala tusimtaje Musk. Mimi ndiye nimeandika kwenye kundi, kwa sababu nina miaka mingi kuliko wenzangu dukani. Nimeandika hivi: "Mzee, shikamoo. Tunaomba tukae pamoja Jumamosi jioni tuongelee saa za kazi, siku ya kupumzika na malipo ya saa za ziada kama sheria inavyosema. Tunaipenda kazi na tunataka duka liendelee." Nikaambatanisha picha ya karatasi.

Wenzangu wanne wameweka jina mmoja baada ya mwingine. Dakika kumi baadaye wale wawili ambao hawakuja nao wakaweka.

Kijana wa stoo alimpeleka mama yake Jumanne, alimwomba jirani wa bodaboda akae naye foleni mpaka yeye afunge duka. Ni sukari. Wameanza kumpa dawa.

Bosi amesoma ujumbe saa tatu na robo usiku. Hajajibu. Kesho saa moja asubuhi tunafungua kama kawaida, nitawaambia atakachosema.